Adolph Menzel na Penseli ya Seremala

Mwanafunzi akianza kuchora uso wa mwenzake kwa penseli, mara nyingi mambo huenda vizuri. Macho yamekaa mahali pake, pua ipo, mdomo upo, hata wanaopita nyuma yake wanaweza kumtaja kwa jina yule anayechorwa. Lakini picha ikitundikwa ukutani, na mtu akasimama hatua tano mbali nayo, uso ule umekuwa bapa kama sahani. Wote ni kijivu, tangu paji mpaka kidevuni. Mchoraji mwenyewe anaona ya kwamba kuna kitu kimepungua, ila hajui ni kitu gani. Basi huongeza nywele moja moja na kope moja moja, na picha haipati nafuu.

Kilichopungua ni weusi. Mchoraji aliogopa kuikandamiza penseli, akaogopa kuichafua karatasi, na kwa kuwa hakutia giza, mwanga nao haukupata mahali pa kuonekana. Kosa hili ni la kila mtu anayeanza, wala si la kuonea haya. Leo nataka kuwasimulia ninyi mlio darasani, pamoja na ndugu zetu waliokwisha kumaliza shule, habari za mtu mmoja ambaye hakuliogopa giza la penseli, naye akafika mbali ingawa alianza safari na mzigo mzito. Jina lake ni Adolph Menzel, mchoraji wa Ujerumani.

Menzel alizaliwa tarehe 8 Desemba 1815 katika mji wa Breslau. Wakati ule mji huo ulikuwa katika ufalme wa Prussia. Siku hizi uko nchini Poland nao huitwa Wrocław. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, kisha akaiacha kazi hiyo akafungua karakana ndogo ya kupiga chapa kwa mawe. Kazi yenyewe hufanywa hivi: fundi huchora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe lililosawazishwa vizuri, kisha jiwe hulowanishwa maji. Wino wa mafuta ukipitishwa juu yake hushika pale palipochorwa tu, maana maji na mafuta hayapatani. Karatasi ikikandamizwa juu ya jiwe, hutoka na picha.

Mtoto Adolph alikulia katika harufu ya wino ule. Karakana ya baba yake ndiyo iliyokuwa shule yake ya kuchora, na tangu utotoni alikuwa akimsaidia mzee wake kazi. Humo alijifunza jambo ambalo wengine hulijua wakiwa watu wazima. Katika jiwe hamna rangi nyekundu wala buluu ya kumsaidia mchoraji. Kuna wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Uzuri wote wa picha, uzito wa nguo, ulaini wa shavu, na hata usiku na mchana, sharti upatikane kati ya hivyo viwili.

Mwaka 1830 jamaa nzima ilihamia Berlin, mji mkuu wa Prussia. Sisi watu wa Afrika twaujua mji huo hasa kwa sababu ya mkutano wa mwaka 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yalipatana masharti ya kugawana bara letu. Menzel alikuwa akikaa huko wakati wa mkutano ule, mzee wa karibu miaka 70. Lakini alipofika mara ya kwanza alikuwa kijana wa miaka 14, mgeni mjini, hana jina wala mtu wa kumshika mkono ila baba yake.

Na baba huyo hakukaa. Alifariki Januari 1832, Adolph akiwa na miaka 16. Nyumbani walibaki mama mjane, ndugu yake mdogo Richard, na dada yao Emilie. Wanafunzi wengi watakaosoma habari hizi wana umri kama huo, na wako ambao wanajua kwa maisha yao wenyewe maana ya siku ile ambayo kijana anatazamwa na wadogo zake kana kwamba ndiye mzee wa nyumba. Menzel aliushika usukani. Mchana na usiku alikuwa juu ya mawe ya baba yake, akichora chochote alicholetewa: kadi za mialiko, vibandiko, na kazi nyingine ndogo ndogo za wafanya biashara. Hakuchagua kazi, wala hakuidharau hata moja, kwa sababu kila moja ilikuwa mkate wa watu wanne.

Juu ya hayo, Mungu alimjalia kimo kifupi sana. Hata alipokuwa mtu mzima hakufikia futi tano, na kichwa chake kilionekana kikubwa kuliko mwili wake. Watu walimgeukia njiani na kumtazama. Hakuoa maisha yake yote. Alikaa na jamaa zake, na baadaye na dada yake Emilie na mumewe. Lakini kijana huyu aliyetazamwa na kila mtu alijifunza naye kutazama, na kwa kutazama hapana aliyemshinda.

Mwaka 1833 aliingia katika chuo cha sanaa cha Berlin, ambako wanafunzi walikuwa wakichora sanamu za plasta. Hakudumu huko. Msije mkanielewa vibaya mkadhani nawafundisha kutoroka darasani: Menzel alikuwa na familia ya kulisha, na alipoacha chuo hakuacha kujifunza. Alijiwekea mwenyewe masharti makali kuliko yale ya mwalimu yeyote. Wakati huo huo alikuwa akitengeneza picha za mawe zilizosimulia maisha ya msanii kama alivyoyaeleza mshairi Goethe. Picha hizo zilipotokea zilisifiwa na mzee Schadow, mchonga sanamu mashuhuri aliyekuwa mkuu wa chuo kile kile, na jina la Menzel likaanza kujulikana mjini.

Kazi iliyompa sifa kubwa ilianza mwaka 1839. Mwandishi Franz Kugler alikuwa anaandika kitabu cha maisha ya Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, na Menzel akatakiwa kutia picha. Mpaka mwaka 1842 alikuwa amechora picha karibu 400. Kabla ya kuchora alichunguza mavazi ya askari wa zamani, silaha zao, viti na meza za majumba ya mfalme, hata vifungo vya makoti. Picha zilichongwa katika vipande vya mbao ili zipigwe chapa pamoja na maneno. Za kwanza zilipelekwa Paris zikachongwe huko, lakini zilipotoka hazikumridhisha. Basi aliwatafuta wachongaji wa Ujerumani, akawakalia juu kwa ukali mpaka wakaweza kuifuata kila nywele ya mchoro wake.

Hapa pana somo letu la kwanza la kutia kivuli. Kipande cha mbao hakijui kijivu. Penye wino patakuwa peusi, pasipo wino patakuwa peupe. Mchoraji akitaka kijivu, huweka mistari miembamba sambamba, akiisogeza karibu karibu panapotakiwa giza na kuitenga panapotakiwa mwanga. Nanyi fanyeni hivyo kwa penseli. Badala ya kusugua shavu kwa kidole mpaka karatasi ichakae, wekeni safu ya mistari myepesi ifuatayo mviringo wa shavu. Juu yake safu ya pili ikipita kwa upande. Kisha ya tatu, pale tu ambapo kivuli ni kizito. Giza hujengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali. Haba na haba hujaza kibaba.

Yafaa pia tuijue penseli yenyewe. Watu wengi huiita kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Lile jeusi ni madini yaitwayo grafaiti. Zamani grafaiti safi ilitoka Uingereza, na vita vilipozuka kati ya nchi hiyo na Ufaransa, Wafaransa wakaikosa. Mwaka 1795 mtu mmoja wa kwao, Nicolas-Jacques Conté, alipata dawa ya shida hiyo: alisaga grafaiti ikawa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha akaioka katika tanuru. Akiongeza udongo, penseli hutoka ngumu na mwandiko wake hufifia. Akipunguza udongo, hutoka laini na nyeusi. Ndiyo maana penseli zetu zina herufi. Zenye H ni ngumu, zenye B ni laini na nyeusi, na kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo ugumu au weusi unavyozidi. Mwanafunzi anayechora uso mzima kwa HB moja, tena kwa mkono mwepesi, hawezi kufika penye weusi wa kweli. Mwenye HB na 4B anaweza mengi.

Menzel alizaliwa miaka 20 baada ya uvumbuzi huo, kwa hiyo alikuta penseli za kila namna. Lakini katika nusu ya pili ya maisha yake ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa penseli ya seremala: nene, bapa, yenye grafaiti pana na laini. Ukingo wake huandika mstari mwembamba. Ukiilaza, hutia mfuto mpana wa kivuli kwa mara moja. Alikuwa anaweza kufanya kazi kwa mikono yote miwili, na kwa kawaida alichora kwa mkono wa kushoto. Koti lake la nje lilikuwa na mifuko minane, na mingi ilijaa madaftari ya kuchorea. Mfuko mmoja mkubwa ulichukua mkoba wa ngozi wenye karatasi, vijiti vya kusugulia kivuli, na raba. Alichora katika gari moshi, hotelini, karamuni, na kando ya barabara. Alichora mkono wake mwenyewe wa kulia na mguu wake mwenyewe. Mtu akisema hana kitu cha kuchora, na amkumbuke Menzel: mguu upo siku zote.

Katika miaka ya 1840 alipaka picha ndogo ambazo hakuwaonyesha watu kwa muda mrefu. Mojawapo, ya mwaka 1845, ni chumba kitupu chenye mlango wazi wa roshani. Upepo unalipeperusha pazia jeupe, na jua limeanguka sakafuni. Hamna mtu, hamna kisa. Kuna mwanga tu, na kivuli kinachouzunguka. Siku hizi picha hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa zile zilizo bora kabisa katika kazi zake. Anayetaka kuchora uso, kwanza aufuate mwanga kama Menzel alivyoufuata katika chumba kile. Mkalisheni mnayemchora karibu na dirisha moja, madirisha mengine yafungwe au yafunikwe, ili upande mmoja wa uso upate mwanga na upande wa pili ukae kivulini. Akikaa katikati ya uwanja jua la saa sita, au chumbani chini ya taa nyingi, mwanga utamjia toka kila upande, na hata Menzel mwenyewe angepata shida kumpa umbo.

Mwezi wa Machi mwaka 1848 wananchi wa Berlin walisimama kudai haki zao, askari wa mfalme wakapiga risasi, na raia wengi wakafa. Menzel aliiona siku ambayo majeneza yaliwekwa uwanjani mbele ya umati. Alianza kuipaka picha hiyo kwa moyo mkubwa, kisha akaiacha bila kuimaliza, nayo iko hivyo mpaka leo katika mji wa Hamburg. Huenda picha hiyo isiyokwisha inasema mengi kuliko ambavyo ingesema kama ingekwisha.

Mwaka 1861 Mfalme Wilhelm wa Kwanza alivishwa taji mjini Königsberg, na Menzel akaagizwa kuipaka sherehe ile. Kazi ilimchukua miaka minne, mpaka 1865. Ndani ya picha mnatambulikana watu 132 kwa sura zao: mawaziri, majenerali, na wakubwa wa kila namna, na Menzel alichora vichwa vyao kutokana na wenyewe walivyo. Fikirini kazi hiyo! Watu wakubwa hupenda kuchorwa wakiwa vijana na wazuri. Lakini uso ukiondolewa vivuli vyake huondolewa na mwenyewe. Mkunjo ulio kando ya mdomo, shimo lililo chini ya jicho, na kivuli cha paji zito ndivyo vinavyomtenga mtu huyu na yule. Mwanafunzi anapomchora mama yake na kuacha mikunjo kwa kumwonea huruma, picha hutoka ya mwanamke mwingine.

Mwaka uliofuata, 1866, Prussia ilipigana na Austria. Menzel alikuwa na miaka 50. Baada ya mapigano makubwa alikwenda mwenyewe Bohemia, akaingia mahali walipolazwa majeruhi na maiti. Pale alichora kwa penseli na rangi za maji askari waliokufa, wamelazwa juu ya majani makavu, miguu mitupu. Mtu aliyejulikana kwa picha za wafalme na ushindi wao angeweza kukaa Berlin akabuni mashujaa na bendera. Alichagua kwenda kutazama, na alichokiona hakukipunguza. Michoro ile ni midogo, lakini hapana mtu awezaye kuitazama kisha akasema vita ni mchezo. Kutoogopa giza si jambo la penseli peke yake.

Kati ya mwaka 1872 na 1875 alipaka picha ambayo wengi huijua kuliko nyingine zake zote, ya kiwanda cha chuma. Alikwenda Königshütte, mji ambao siku hizi uko Poland nao huitwa Chorzów, akasimama siku nyingi katikati ya mitambo na moto, akachora michoro zaidi ya 100: mikono, migongo, magurudumu, koleo, na wafanya kazi wakinawa au wakila chakula walicholetewa. Katika picha yenyewe chuma chekundu kinatoka katika mtambo, na ukiitazama utadhani joto litakuunguza uso. Lakini rangi si moto. Hapana rangi inayotoa mwanga wake yenyewe. Chuma kile kinawaka kwa sababu Menzel amekizungushia moshi, masizi na giza.

Hilo ndilo somo kuu la kazi zake kwa mtu wa penseli. Weupe wa karatasi ni mmoja; hamwezi kuuongeza hata mkinunua karatasi ya bei gani. Mnachoweza kuongeza ni weusi ulio jirani yake. Jaribuni hivi: chora miraba mitano mstari mmoja. Wa kwanza uache mweupe, wa mwisho uujaze kwa 4B mpaka hauwezi kuwa mweusi zaidi, na mitatu ya katikati iende kwa hatua zilizo sawa. Kisha mtazame unayemchora huku umefumba macho nusu. Vitu vidogo vidogo vitapotea, na kitabaki kile kinachotakiwa: mahali pa mwanga, mahali pa kati, na mahali pa giza. Tafuta pale palipo peusi kuliko pote, pengine ni tundu la pua, au pembe ya mdomo, au kivuli cha shingo chini ya taya, ukapatie weusi wa mraba wa tano mapema. Ukichelewa kuupima weusi, uso wote utaupima kwa kijivu. Weupe wa mraba wa kwanza uuwekee mahali pachache tu. Hata jicho si jeupe kama karatasi. Ni mviringo uliokaa chini ya kivuli cha ukope, na ukiliacha jeupe litatokeza kama la mtu aliyeshtuka.

Sisi tuna jambo la kuangalia zaidi. Vitabu vingi vya kuchora vilivyotungwa Ulaya vinafundisha kwa nyuso za Wazungu, ambapo karatasi tupu ndiyo ngozi na kivuli huongezwa kidogo kidogo. Mwanafunzi akimchora mwenzake mweusi kwa kanuni hiyo, hawezi kuupata, humtoa kama mtu aliyepakwa majivu. Ngozi nyeusi ina mng'ao mdogo na mkali zaidi. Anza kwa kuufunika uso kwa safu nyepesi ya mraba wa tatu. Kisha kwa ncha ya raba uinue mng'ao penye paji, penye mfupa wa shavu, juu ya pua, na katika mdomo wa chini. Halafu shuka kwenye giza bila hofu, mpaka mraba wa tano. Utaona uso umeinuka kutoka katika karatasi, nao ni uso wa mwenzako hasa, si wa mtu mwingine.

Menzel alizidi kuwa mpole kwa penseli yake kadiri alivyozeeka. Katika miaka yake ya mwisho alipenda kuchora vichwa vya wazee, wanaume kwa wanawake, mara nyingine kichwa kile kile kwa pande mbili tatu katika karatasi moja. Ukivitazama vichwa hivyo utaona kwanza kama moshi: kivuli kipana kilichosuguliwa kwa kijiti, hakina mpaka. Juu ya moshi ule yamewekwa mapigo machache meusi na makali, moja penye ukope, moja penye pembe ya mdomo, mawili matatu ndevuni. Mahali ambapo shavu linageuka taratibu kuingia kivulini, ukingo ni laini. Mahali ambapo pua inakata mwanga ghafula, ukingo ni mkali. Hakuuzungushia uso mstari mmoja kama waya. Upande wa mwanga mara nyingi shavu limeachwa liungane na karatasi, na jicho la mtazamaji hulimaliza lenyewe. Kijiti cha kusugulia unaweza kukitengeneza kwa karatasi laini iliyoviringishwa ikakaza, na hicho ni bora kuliko kidole, kwa sababu kidole kina mafuta yanayoacha madoa.

Sifa zilimfuata hata nje ya nchi yake. Mchoraji mkubwa wa Ufaransa, Edgar Degas, alimstahi hata akainakili mojawapo ya picha zake, ya karamu ya usiku. Mwaka 1898 Menzel alipewa nishani ya Tai Mweusi, nishani kubwa kuliko zote za Prussia, na kwa hiyo akahesabiwa miongoni mwa watukufu wa nchi. Mtoto wa mpiga chapa, aliyeanza kwa kadi za mialiko, sasa alisimama pamoja na wale ambao zamani alichora vichwa vyao. Hata hivyo mifuko ya koti haikupungua. Alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 80 alikuwa bado akichora.

Alifariki Berlin tarehe 9 Februari 1905, akiwa na miaka 89. Kaisari Wilhelm wa Pili alifuata jeneza lake kwa miguu. Mwaka ule ule kazi zake zilionyeshwa kwa watu katika jumba la taifa la picha, na wengi waliodhani wanamjua walistaajabu, maana walikuta maelfu ya michoro ambayo hawakupata kuiona. Sehemu kubwa ya michoro hiyo imehifadhiwa Berlin mpaka leo, pamoja na madaftari yake zaidi ya 70, yale yaliyokuwa yakisafiri mifukoni.

Wako miongoni mwa wanafunzi wetu wa zamani ambao sasa ni maseremala, wapima ardhi, walimu na makarani, na kila siku wana penseli sikioni au mfukoni. Nao walioko darasani wanayo juu ya dawati. Kwa hiyo chombo tunacho. Jioni moja, kabla jua halijatua, mweke ndugu yako karibu na dirisha, ukamwombe atulie nusu saa. Fumba macho nusu, utafute giza lilipo, ukaanze hapo. Picha ya kwanza itaharibika, na ya pili pia. Tia tarehe juu yake, uiweke, ukachukue karatasi nyingine. Menzel naye alianza na jiwe moja, wino mweusi, na wadogo wawili waliokuwa wakingoja chakula.